Choo Kigumu: Dawa Inayovuta Maji, na Mambo Ambayo Wagonjwa Hawasemi



Kuna taabu moja inayopatikana karibu katika kila boma, lakini haitajwi kanisani, haitajwi kwenye mkutano wa chama, na mara nyingi haitajwi hata mbele ya daktari. Taabu hiyo ni kufunga choo. Mtu akishikwa na malaria atasema bila haya. Akiumwa na jino atasema. Lakini akikaa siku tano bila kwenda haja kubwa, ananyamaza, tumbo linajaa, chakula kinamshinda, na watu wa nyumbani wanasema ni amoeba au taifodi. Ananunuliwa dawa ya amoeba, na choo bado hakitoki.

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakuona haya kumpa shauri juu ya tumbo lake. Basi nasi tusione haya. Katika ukurasa huu tutaeleza dawa za aina moja ambazo siku hizi wagonjwa wengi wanapewa hospitalini na kwenye maduka ya dawa: dawa zinazolainisha choo kwa kuvuta maji. Tutaeleza zinavyofanya kazi, wagonjwa wanaona nini wakizitumia, na kwa nini wengine wanaziacha kabla hazijawasaidia. Kuna wagonjwa ambao kuacha dawa hii kunawaletea hatari kubwa kuliko choo chenyewe.

KUFUNGA CHOO NI NINI?

Watu hawafanani. Kuna anayekwenda choo mara tatu kwa siku na kuna anayekwenda mara tatu kwa wiki, na wote wawili ni wazima. Kwa hiyo usihesabu siku tu. Jiulize: choo ni kigumu kama vinyesi vya mbuzi? Ninasukuma sana mpaka jasho linatoka? Nikitoka chooni nahisi bado kuna kitu kimebaki? Naenda chini ya mara tatu kwa wiki? Ukijibu ndiyo kwa maswali haya, umefunga choo.

Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe na shida, mradi choo kikija kiwe laini, ananyonya vizuri na anaongeza uzito. Huyo usimpe dawa yoyote.

TUMBO LINAFANYAJE KAZI?

Chakula kikitoka tumboni kinapita katika utumbo mwembamba kikiwa kama uji. Mwili unachukua nguvu yake humo. Mabaki yanaingia katika utumbo mpana yakiwa bado na maji mengi. Kazi moja ya utumbo mpana ni kuyavuta maji hayo na kuyarudisha mwilini. Mabaki yakipita kwa mwendo mzuri, yanatoka yakiwa laini. Yakichelewa, utumbo unaendelea kuvuta maji mpaka yanakauka kama udongo wa tofali uliosahauliwa juani.

Sababu za kuchelewa ni nyingi: kunywa maji kidogo, kula chakula kisicho na makapi, kulala kitandani muda mrefu, ujauzito, uzee, dawa fulani, na tabia ya kujizuia. Mtoto wa shule anayeogopa choo kichafu cha shule anajizuia mpaka jioni, kila siku. Mzee mwenye magoti mabaya anaogopa kuchuchumaa, kwa hiyo anangoja. Bibi anayeogopa kutoka usiku kwenda choo cha nje anapunguza maji ya kunywa tangu saa kumi. Hao wote hawana ugonjwa tumboni, lakini choo chao kitakauka.

DAWA INAVUTAJE MAJI?

Hebu fanyeni jaribio hili katika kikundi. Kateni kabichi nyembamba, mtie katika bakuli, mnyunyizie chumvi, mngoje nusu saa. Mtaona maji chini ya bakuli. Hakuna aliyeyamwaga humo. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kabichi. Maji yana desturi ya kuelekea mahali penye chumvi nyingi au sukari nyingi. Wataalamu wanaiita desturi hiyo osmosisi.

Dawa za kuvuta maji zinatumia kanuni hiyo hiyo. Ni vitu ambavyo mwili hauwezi kuvichukua, au unachukua kidogo tu. Vinabaki ndani ya utumbo, vinashikilia maji na kuyavuta, na choo kinalainika. Ziko za namna tatu ambazo mtakutana nazo.

Ya kwanza ni laktulosi. Ni maji mazito matamu kama sharubati, na kwenye chupa utaona imeandikwa Lactulose. Ni aina ya sukari inayotengenezwa kutokana na sukari ya maziwa, lakini tumbo la binadamu haliwezi kuisaga. Inafika katika utumbo mpana ikiwa nzima, na huko vijidudu vya kawaida vya utumboni vinaichachusha, kama uji wa wimbi unavyochachuka. Kinachotokea ni asidi kidogo inayovuta maji, pamoja na hewa. Kumbukeni hiyo hewa, tutairudia.

Ya pili ni makrogoli. Ni unga mweupe katika pakiti ndogo, unaokorogwa katika maji, mara nyingi nusu glasi au kama ilivyoandikwa, halafu unakunywa yote. Unga huu unayashika yale maji uliyokunywa nao na kuyafikisha mpaka kwenye choo. Vijidudu haviuchachushi sana, kwa hiyo hewa ni kidogo.

Ya tatu ni dawa za magnesiamu. Ziko za upole kama maziwa ya magnesia, ambayo wengine wanayajua kama dawa ya kiungulia, na iko kali, chumvi ya haluli, ambayo kwenye pakiti huitwa Epsom. Jina hilo ni la mji mmoja wa Uingereza, ambako maji ya kisima yenye chumvi hiyo yalijulikana tangu karne ya 17. Dawa hizi hufanya kazi ndani ya saa chache. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa figo asizinywe bila daktari. Figo mbovu haziwezi kuitoa magnesiamu, inajaa katika damu, na inaweza kulegeza misuli na kuharibu mapigo ya moyo. Haluli nayo isifanywe mchezo, maana inaweza kumharisha mtu mpaka maji yamwishie mwilini.

Msichanganye dawa hizi na sanamaki au mafuta ya mbarika. Hizo hazivuti maji tu, bali zinauchapa utumbo ukimbie, ndiyo sababu tumbo linasokota. Sanamaki ina kazi yake na daktari anaweza kuiagiza. Mafuta ya mbarika mama mjamzito asinywe, kwa sababu yanaweza kuchochea tumbo la uzazi.

WAGONJWA WANASEMA NINI?

Malalamiko ya watu wanaotumia laktulosi yanafanana sana, iwe ni Kakamega au ni Ulaya. Tuyachukue moja moja.

"Nilikunywa jana na sijaona kitu." Hili ndilo lalamiko la kwanza. Mtu amezoea dawa inayokimbiza tumbo usiku huo huo. Laktulosi haiendi hivyo. Inachukua siku moja mpaka mbili, wakati mwingine tatu, kwa sababu lazima isafiri mpaka utumbo mpana na ichachushwe kwanza. Wengi wanaiacha siku ya pili wakisema haina nguvu. Makrogoli nayo huhitaji siku moja mpaka tatu. Ngoja, na uinywe kila siku kama ulivyoambiwa.

"Tumbo linanguruma na upepo unanitoka mbele za watu." Ndiyo ile hewa ya kuchachuka. Si sumu na si dalili kwamba dawa imekataa. Husumbua zaidi siku za mwanzo, halafu hupungua. Kuanza na kiasi kidogo na kuongeza polepole kunasaidia. Mtu mzima mara nyingi huanza na mililita 15 mpaka 30 kwa siku. Mililita 15 ni vijiko vitatu vya chai. Ikiwa hewa inakushinda kabisa, usinyamaze. Mwulize daktari kama unaweza kubadilishiwa makrogoli.

"Ni tamu mno, inanichefua." Changanya na maji au na maji ya matunda. Hakuna sheria ya kuinywa ikiwa mbichi. Mwenye ugonjwa wa sukari amweleze daktari kabla ya kuanza, maana ndani ya chupa kuna sukari kidogo ya kawaida pia.

"Niliona inachelewa nikaongeza, sasa naharisha." Ndivyo inavyokuwa mtu akinywa kipimo cha siku tatu kwa siku moja. Punguza au simamisha kidogo, kunywa maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji, na urudi kwa aliyekupa dawa akupangie upya. Kipimo kizuri ni kile kinachokupa choo laini bila kuharisha.

"Nilipoacha, choo kikafunga tena." Dawa hii haiponyi sababu. Ikiwa bado hunywi maji na bado unajizuia, choo kitakauka tena. Lakini kuna watu, kama wagonjwa wa kitandani, ambao sababu yao haiondoki. Hao wanaweza kuitumia muda mrefu chini ya daktari, na si aibu wala si ulevi.

"Nakunywa dawa lakini choo bado kigumu." Muulize: unakunywa maji kiasi gani? Dawa inavuta maji, haiyaumbi. Mgonjwa anayekunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi na kimoja jioni hana maji ya kuvutwa.

WAGONJWA WATATU WASIOACHWE WAKAE KIMYA

Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito.

Mama mjamzito. Kliniki zetu za Kenya zinampa kila mama mjamzito tembe za kuongeza damu, zenye miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, anywe kila siku. Madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, na kwa wengine kiwe kigumu. Kwa hiyo mama anaziweka tembe juu ya kabati na haziguswi. Akifika siku ya kujifungua damu ni kidogo, na akipoteza damu kidogo tu, maisha yake yako hatarini. Mama, usiache tembe kimyakimya. Mwambie muuguzi, "Hizi dawa zinanifunga choo." Kuna njia: maji zaidi, matunda, mboga, na kama haitoshi, laktulosi hutumiwa hata wakati wa ujauzito.

Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini. Tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa mwaka 1990, utunzaji wa wagonjwa wenye maumivu makali umeenea nchini, na wengi wanatunzwa nyumbani kwa mofini ya maji. Mofini inaondoa maumivu, lakini karibu kila anayeitumia anafunga choo, kwa sababu inaufanya utumbo ulale. Tatizo hili haliishi kwa kuzoea. Ndiyo maana dawa ya choo hutakiwa kuanza pamoja na mofini, mara nyingi ile ya kuuchapa utumbo pamoja na ile ya kuvuta maji. Shirika la Afya Duniani limeiweka laktulosi katika orodha yake ya dawa muhimu, katika sehemu ya dawa za wagonjwa wa namna hii. Jamaa wa nyumbani wakiona dawa mbili, wanaweza kufikiri ile ya choo ni ya ziada, wakaacha kuinunua. Baada ya wiki mzee anasema, "Heri maumivu kuliko tumbo hili," anakataa mofini, na usiku analia. Asingelazimika kuchagua kati ya mateso mawili kama kuna mtu angemwuliza habari za choo.

Mgonjwa wa ini. Ini likiharibika sana, uchafu unabaki katika damu, unapanda kichwani, na mgonjwa anachanganyikiwa au analala mchana kutwa. Hospitalini anapewa laktulosi ingawa choo chake hakijafunga. Kazi yake hapa ni kuutoa ule uchafu kupitia utumbo, na daktari anataka apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Jamaa wanaona, wanasema, "Mbona mnamharisha mtu mgonjwa?" na wanaificha chupa. Baada ya siku chache mgonjwa hamjui mtoto wake. Wapendwa, kabla ya kuondoa dawa ya mgonjwa, ulizeni imetolewa kwa ajili gani.

CHAKULA CHETU KILIMFUNDISHA DAKTARI

Dawa haichukui nafasi ya chakula. Jambo hili dunia ililijua zaidi kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, Lira na halafu Mulago, tangu mwaka 1946 hadi miaka ya 1960. Alikuwa Mkristo mwenye imani, na tangu utoto alikuwa na jicho moja tu linaloona. Baadaye yeye na wenzake walilinganisha choo cha watu wa nchi mbalimbali. Watu walimeza vipande vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, na vikahesabiwa vilipotoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa kama saa 36. Waingereza walitoa kama gramu 100, na chakula kilichukua zaidi ya saa 80. Burkitt aliona kwamba tofauti kubwa ilikuwa makapi ya chakula, yaani ile sehemu ya nafaka, mboga na matunda ambayo tumbo halisagi. Alifundisha jambo hili mpaka alipofariki mwaka 1993.

Sasa tujiulize sisi wa Kakamega. Unga wa posho mill usiokobolewa tumeuacha tukashika unga wa pakiti uliokobolewa mpaka ukawa mweupe pe. Wimbi tumewaachia wagonjwa. Watoto wanataka mkate mweupe na chapati. Na hali mrenda, kunde, saga, mito na majani ya malenge yako nyuma ya nyumba, maharagwe na njugu mawe yako shambani, mapera na mapapai yanaoza chini ya miti. Hizo ndizo dawa za choo ambazo hazina bei. Lakini ongeza makapi polepole, na uongeze maji pamoja nayo, la sivyo yatajaza tumbo tu. Na yule mgonjwa wa mofini asiambiwe kwamba mboga peke yake zitamtosha.

DALILI ZA HATARI

Usinywe dawa yoyote ya choo, nenda hospitali upesi, ukiona haya:

1. Tumbo limevimba na linauma sana, unatapika, wala choo wala upepo havitoki. Huenda utumbo umeziba au umejisokota. Kujisokota kwa utumbo kunajulikana sana katika hospitali za Afrika Mashariki, na kunahitaji daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya choo itazidisha hatari.

2. Damu katika choo, au choo cheusi kama lami kwa mtu asiyekunywa tembe za madini ya chuma.

3. Kukonda bila sababu, au mtu mwenye umri mkubwa ambaye choo chake kimebadilika ghafla na hakirudi kawaida. Saratani ya utumbo huanza hivyo wakati mwingine.

4. Mtoto mchanga ambaye hakutoa choo siku mbili za kwanza tangu kuzaliwa, au ambaye tumbo lake linavimba.

Na jambo moja tuliache kabisa: kuwapiga watoto bomba la maji ya sabuni au ya mitishamba. Sabuni inachoma utumbo, na bomba linaweza kuutoboa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, anayewatembelea wagonjwa aongeze swali moja: "Kuku, choo kinaendaje?" Aulize kwa heshima, faraghani, na ikiwezekana mwanamke amwulize mwanamke. Wazee wengi watajibu wakiulizwa, lakini hawataanza wao. Akigundua shida, amjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji.

Pili, fundi wa mbao anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, cha kuwekwa juu ya shimo la choo. Mzee mwenye magoti mabovu anakaa badala ya kuchuchumaa. Akiwekewa kibao chini ya miguu ili magoti yapande juu kidogo, choo kinatoka kwa urahisi zaidi. Kiti kimoja ni mbao chache tu na kazi ya siku moja. Chama kinaweza kutengeneza kimoja kimoja kwa zamu kwa kila boma lenye mzee.

Tatu, kamati ya wazazi iangalie vyoo vya shule: viwe na mlango unaofungika, viwe safi, na mtoto asikatazwe kutoka darasani.

Nne, chemchemi yenu ikiwa imekingwa vizuri, wafundisheni watu kunywa maji yaliyochemshwa hata kabla ya kiu. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo afuate kiasi alichopewa na daktari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayeweza kuwa na shida hii na hasemi? Kwa nini hasemi?

2. Kuna mama yeyote tunayemjua aliyeacha tembe za damu? Nani atakwenda kuzungumza naye, na atamwambia nini?

3. Wiki iliyopita kila mmoja wetu alikula mboga za kienyeji mara ngapi? Alikunywa glasi ngapi za maji kwa siku?

4. Boma gani lianze kupata kiti cha choo?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na mkutano ujao muulizane nani amefanya aliloahidi.